Utambi wa nyuzi tatu

Mujukuu wangu Furaha,

Huku Kalemie tuko wazima. Papa yako amerudi kutoka Kabimba, na mama yako amekwisha kumuonyesha kila jirani picha za mishumaa yako ya nta ya soya. Hata mimi ninajivuna, sikufichi.

Unauliza kwa nini yako inaisha upesi kuliko ya mwenzako, na nta njo ile ile. Nami niliuliza hivyo nikiwa musichana kule Moba. Siku ya kubariki mishumaa, kila nyumba ilileta mushumaa iliotengeneza yenyewe, na watu walitazama ni wa nani utafika mwisho wa misa. Mimi nilisokota utambi wa nyuzi tatu, ili moto uwe mukubwa, watuone. Tena nikasimama karibu na dirisha, penye upepo wa ziwa. Walituona kweli: mahubiri hayajaisha, nimebaki na moshi mukononi.

Mama yangu hakunigombeza. Mwaka uliofuata alinipa uzi mumoja, akaukata mufupi kwa meno, akasema, « Simama katikati ya kanisa. » Moto ulikuwa mudogo, hata nilisikia haya. Lakini misa iliisha, na mushumaa wetu ungali unawaka. Siku ile Mama alichagua njia ndefu ya kurudi nyumbani, akiushika juu, muchana kweupe.

Basi jaribu utambi mwembamba, uukate mufupi kila mara kabla ya kuwasha, na uweke mushumaa mbali na upepo. Kisha unitumie mumoja. Hata huku Kalemie, njia ndefu ya kutoka kanisani ninaijua.

Bibi yako, Mama Odile