Wagonjwa Thelathini na Mmoja wa Mtaa Wangu

Mpwa wangu, daktari wa kompyuta,

Mjomba wako ni mzima kama chuma cha reli. Ningekupigia, ila haya mdomo wangu hauyawezi.

Nimesikia wawekezaji wanakuja mwisho wa mwezi kuhesabu wagonjwa wa ile huduma yako ya kuonana na daktari kwa simu, na wakikuta wachache hawatoi kitu. Nikasema, damu yangu haiaibiki nikiwa hai! Nimekusajilia wagonjwa thelathini na mmoja: mwashi anayeumwa mgongo, bibi wa presha, hata mwanajeshi aliyeng'atwa na mamba.

Wote ni mimi. Si unajua droo ya kibanda changu imejaa laini walizoacha wateja wa simu mbovu?

Yule daktari wako wa kike alinicheka. "Mzee, mbona mtaa mzima unakohoa kikohozi kimoja?"

"Binti, sisi huku ni ndugu."

Lakini kila mara aliniuliza nimelalaje, nimekula nini. Tangu mkaza mjomba wako afungashe vyake, hakuna anayeniuliza hayo. Nilikusudia wagonjwa watano tu, mama, nikashindwa kuacha.

Wafute wote kabla wageni hawajafika, usije ukaitwa tapeli kwa ajili yangu. Ila yule wa juzi, anayebanwa kifua akipanda ngazi na mkono wa kushoto kufa ganzi, usimfute. Huyo sikumtunga.

Mjomba wako, fundi asiyeshindwa na simu yoyote.