Namba Kumi na Saba

Mjukuu wangu Zuhura,

Sisi huku Guangzhou wazima, alhamdulillahi. Mjomba wako kaenda soko la Shiling kuchukua mikoba ya biashara, mimi nimebaki na magoti yangu. Unalalamika kwamba huko jeshini makuruta mnaitwa kwa namba, unauliza nani alibuni upuuzi huo. Huko sijui; kwingine ni mimi.

Nilikuwa koplo kijana, nikatumwa Afrika Magharibi kufundisha jeshi jipya la nchi iliyotoka vitani. Maadui wa jana tuliwachanganya platuni moja. Jina la mtu lilitaja kabila lake, na kabila lilitaja upande aliopigania, basi kila tukiita majina ngumi zinarushwa. Nikashauri tuwaite kwa namba. Ngumi zikaisha, nami nikapandishwa cheo.

Kumi na Saba akafa kwa malaria. Tulimpigia risasi za heshima, tukaandika 17 kwenye kibao cha kaburi.

Wiki iliyofuata mama mmoja alikuja getini, akataja jina la mwanawe. Daftari langu lilikuwa na namba tupu, na uvivu wa kuuliza ulikuwa wangu. Nikamwambia, "Hapa hayupo, mama." Akanishukuru, akaenda kumtafuta kambi nyingine.

Jioni ndipo nikaiuliza platuni jina lile ni la nani. Mmoja akasema, "Kumi na Saba, afande."

Bandarini Huangpu kontena likipotea, namba yake inatosha kulirudisha kwa mwenyewe. Wewe ukiitwa, itika. Ila anayelala kitanda cha jirani, muulize jina.

Mimi jioni ile nilikimbilia getini, mama keshakwenda. Ningemuulizia vipi yule mama? Hata jina lake sikumuuliza.

Babu yako,
Hamadi