Mkwe na Kikapu cha Samadi

Basi Mwanaidi somo yangu, wali wako ulipoungua ulitukatizia mazungumzo pale nilipofikia kwamba kaka yangu Kahindi hataki samadi shambani mwake. Hiyo picha ya Wazungu ufukweni iliyo mbele ya kadi hii usiitazame, mimi niko huku nyuma ya Mambrui nakula sima kwa mchicha.

Bwana shamba kambembeleza, mkewe kanuna, yeye jibu lake moja: "Mwanamume hutia mbolea ya duka. Mavi ya mbuzi yabaki kwa mbuzi." Na ya duka hana, mahindi yamekuwa manjano, wanawe sijui wangekula nini.

Wiki ile niliyofika akaja mkwewe, mama wa mkewe, kikapu cha samadi kichwani. Akapita polepole mbele ya wanaume wanaokunywa kahawa, huku anaguna. Sasa mkwe utamwacha abebe mavi na wewe umekaa, watu wanakutazama? Kahindi akaruka kumpokea, macho chini kwa adabu.

"Ahsante, baba," mkwewe akamwambia. "Hicho cha kwanza. Vyengine viko kwangu zizini."

Tangu hapo kila asubuhi yuaja, na kila asubuhi Kahindi apokea. Mahindi yamerudi kijani, na jana nimemsikia akimwambia jirani kuwa akili ile ni yake mwenyewe.

Wabusu watoto, nina hamu nawe mpaka midomo yaniwasha kwa maneno. Nilitaka nikupe na ya huyo jirani, lakini mama mkwe wa Kahindi yuaniita uani, na leo ameshika vikapu viwili.

Somo yako, Kadzo