Kipimo Nilichodai Mbele ya Jeneza Lako

Mtani wangu Mwalimu Skola,

Shikamoo. Haya, pokea. Miaka yote ulinidai shikamoo pale ofisini, nami nikikujibu kwamba Mnyamwezi hamwamkii Mluguru, mtu aliyekulia kwenye mteremko hadi mguu mmoja ukawa mfupi. Leo naitoa bure na huwezi hata kuitikia. Umenikomoa.

Nianze na msiba wako, maana mwenyewe hukuuona. Utani niliutimiza sawasawa. Nilipofika kwenu Bigwa nililala chini mbele ya jeneza, nikasema haliendi popote mpaka mtani nipewe changu. Wajomba zako wakaleta jogoo. Nikakataa. Wakaleta khanga yako, nikajifunga kiunoni, nikakataa tena. Nikasema nataka kile kipimo chako cha kupimia mlima, ile miti miwili iliyofungwa pamoja kichwani, yenye kamba na jiwe linaloning'inia katikati kuonyesha palipo sawa. Nilikuwa nachekesha watu tu, Skola. Nilichekesha ili nisianguke. Mjomba wako mkubwa akaenda kukitoa stoo, akanikabidhi mbele ya watu wote: "Mtani, umekitaka mwenyewe. Na somo lake ulifundishe." Watu wakapiga makofi. Mimi kicheko kikaniishia pale pale.

Mimi jamani! Mtu wa Tabora! Kwetu ukidondosha chungwa unalikuta pale pale ulipoliacha.

Somo lako la Mlima ulilitunga mwenyewe, la kila Jumatano kwa Darasa la Nne: kupima mteremko, kuchimba makinga maji ya kuzuia udongo usishuke, kupanda kabichi, kuimba, vyote kwa mpigo. Hukuliandika popote, ulikuwa nalo kichwani. Sasa umeondoka, mtaala mpya umeingia, na maelekezo ni kwamba kila alichotunga mwalimu kionyeshwe kinaingia wapi kwenye muhtasari wa taifa, la sivyo kinatoka kwenye ratiba. Mwalimu mkuu akaniita. "Maganga, somo la marehemu lipatie mahali, au tulizike naye." Aliongea kwa upole, ila hakuwa anatania.

Nikakaa na Mwalimu Rehema wa taaluma, tukatandaza mihtasari yote mezani, tukalikatakata somo lako kama nyama ya harusi. Kupima kukaenda Hisabati. Udongo, Sayansi. Nyimbo, Sanaa. Kila kipande kikapata umahiri wake kwenye jedwali, kwa maneno mazito ambayo sisi wenyewe tulikuwa tunaulizana maana. Mwalimu mkuu akafurahi hadi akatuagizia soda.

Basi. Wa Hisabati akachora mlima ubaoni, watoto wakamwambia mwalimu, mlima si huu hapa dirishani? Wa Sayansi akaleta udongo kwenye kopo. Wa Sanaa wakaimba, na waliimba vizuri, nisiwadhulumu. Kabichi zikapandwa bila kinga maji hata moja. Kipimo chako kilikuwa kimeegemea ukuta wa ofisi, kila mmoja wetu akiamini mwenzake ameshakwenda nacho shambani. Masika yakaja. Asubuhi moja akatokea Mzee Salum, jirani yetu wa bondeni, amebeba tenga: kabichi zetu zote zilishuka na matope mpaka uani kwake. "Walimu," akasema, "wageni wenu nimewarudisha." Wenzangu walicheka. Mimi nilikwenda nyuma ya darasa nikalia, kwa sababu niliona nimekuzika mara ya pili.

Mwalimu mkuu akasema sasa somo litoke. Mthibiti ubora wa shule alikuwa anakuja wiki ile, nikamsihi mkuu asubiri mpaka mgeni huyo aondoke. Nikachana lile jedwali letu la soda. Nikalirudisha somo zima, kipindi kimoja, mwalimu mmoja, na pembeni tu nikaonyesha kila hatua inagusa umahiri gani wa kwenye muhtasari.

Akaja mama mmoja mkavu kweli kweli, na viatu vya mjini. Akasoma mpango wangu bila kutikisa kichwa, akasema, "Nionyesheni." Tukapanda mlimani na watoto. Hatua chache tu nikateleza, nikakaa kwenye matope mbele ya mgeni, na nina hakika huko uliko ulishika mbavu. Nikainuka kwa haraka, nikasimamisha kipimo, nikatangaza kwamba hapa pako sawa. Darasa zima likanipigia kelele: "Subiri jiwe litulie!"

Skola. Maneno yako, na ukali wako ule ule. Yule mama akaomba na yeye ajaribu. Naye akaharakisha, naye wakamfokea vile vile, hawakujali cheo. Akasubiri. Sote tukasubiri, jiwe likayumba, likayumba, likatulia. Nilikukosa pale kuliko hata siku ya mazishi.

Akasema somo libaki hivyo hivyo lilivyo, ila kwenye azimio la kazi liwe na mwalimu wake anayejulikana. Mwalimu mkuu akanitazama mimi, mwenye matope makalioni. Nikaandika jina langu mahali palipopaswa kuwa na lako.

Basi, ulizoea kuniita mpagazi, mbeba mizigo ya watu kama babu zangu; umempata. Kila Jumatano nakibeba kipimo chako mpaka juu, nahema kama punda, na watoto wananisubiri wakicheka. Nakuahidi sitakiacha ukutani tena. Wajomba zako nimeshawapa maagizo: siku yangu ikifika wapande basi pale Msamvu, waje Tabora, walale mbele ya jeneza langu wakidai kipimo. Ni haki yao kukirudisha mlimani, pamoja na somo lake.

Pumzika, mtani. Nimewaambia wasikubali jogoo.

Mpagazi wako,
Maganga