Stempu ya Londiani

Kiamunyi, Nakuru
Jumapili, 9 Machi 2025

Mpendwa Dada Chepngeno,

Salamu nyingi kutoka kwetu Kiamunyi. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba lile goti limeacha kukusumbua sasa baridi ya Naivasha imepungua. Sisi hatujambo. Wifi yako Emmy anakusalimu na anataka ujue kwamba ule mche wa waridi uliomletea umechanua, ingawa mimi niliutabiria kifo mbele ya mashahidi. Mimi mwenyewe niko sawa, ila tumbo linazidi kunitangulia mlangoni.

Najua unajiuliza Jonah amepatwa na nini hata aandike barua ya mkono, wakati juzi tu tuliongea kwa simu. Jambo nililo nalo nimejaribu kulisema kwa simu mara tatu, na mara zote tatu nikaishia kukuuliza kama huko viazi vimepatikana. Kwa hiyo nivumilie, na uuvumilie mwandiko pia. Miaka ishirini na saba ubaoni na bado wanafunzi huniuliza nimeandika nini.

Ni kuhusu albamu ya stempu ya baba. Najua hupendi nikiitaja. Tulipogawana vitu vya mzee miaka mitatu iliyopita, shangazi alikupa wewe, nawe ukaisukuma kwangu kwa ncha ya kidole kama sufuria ya moto, ukasema kwa kuwa wewe ndiye uliyeambiwa umepoteza stempu, basi apewe Jonah. Imekaa juu ya kabati langu tangu siku hiyo. Kila nikiifungua ukurasa wa tatu, nakutana na ile nafasi tupu kama pengo la jino.

Sasa, kwa kuwa Aprili unastaafu, niliwaza nikupe albamu hiyo ikiwa imekamilika. Nikatafuta mtandaoni hadi nikapata mtu wa mtaa wa Free Area hapa Nakuru anayeuza stempu za zamani. Picha aliyoweka ilinifurahisha: stempu yenye picha ya lile lile jiwe la zambarau lililojaa ukurasa wa baba, safi, inang'aa, meno yote ya pembeni yako kamili. Muuzaji akaomba nimpigie picha ukurasa mzima na kumtumia. Nilidhani anataka kujua ukubwa.

Ijumaa mtu wa bodaboda akaniletea bahasha. Nikaipasua nikiwa nimesimama pale pale getini. Jiwe lilikuwa la zambarau, sawa, lakini stempu ilikuwa imechakaa, imepigwa mhuri mweusi wa posta katikati, na mgongoni imeng'ang'ania kipande cha bahasha kuukuu. Dada, nilipandwa na hasira. Nikampa yule muuzaji nyota moja mtandaoni, na chini yake nikaandika maneno ambayo mwalimu wa dini hapaswi kuyajua. Emmy aliyasoma, akaniuliza kwa upole kama Jumatatu bado nitawafundisha Form Two somo la uvumilivu, au atafutwe mwalimu mwingine.

Jana Jumamosi nikaenda Free Area mwenyewe, albamu kwapani, kifua mbele. Nilitarajia kukuta kijana mjanja mjanja. Nikapokelewa na mama mdogo wa umbo, amepita miaka sabini, anaitwa Mama Akeyo. Alichambua barua posta kwa miaka thelathini. Alikuwa ameshasoma maneno yangu, maana alinikaribisha kwa jina la Bwana Nyota Moja, na hakuniita jina lingine hadi nilipoondoka. Nilipoanza kulalamika aliniambia malalamiko hayo yana miguu, yanaweza kusimama yakisubiri chai. Akaniuliza pia kama nilisoma kikaratasi alichoweka ndani ya bahasha kunieleza kila kitu. Dada yangu, kikaratasi nilikitupa pamoja na bahasha. Hasira zangu huwa hazisomi.

Chai ilipokwisha alinawa mikono, akaikausha kidole kwa kidole, ndipo akaifungua albamu. Hakugusa stempu hata moja. Aligeuza kurasa kwa kuinua pembe tu, taratibu, kama anayemfunua mtoto aliyelala. Niliikumbuka mikono fulani, nawe unajua ni ya nani. Kisha akaniuliza kama baba yetu alikuwa mtu wa reli.

Sikuwa nimemwambia lolote. Huenda wewe ulijua siku zote, kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa ukikaa naye Jumapili na kile kibanio cha kushikia stempu. Mimi kwa miaka arobaini nimeamini kwamba mzee Kimaiyo, Mungu amrehemu, hakuwa na habari na stempu. Nani hukusanya stempu nane zinazofanana na kuzipanga ukurasa mmoja? Mama Akeyo alicheka. Akasema hilo jiwe halikuwa na kazi, nitazame mihuri. Akashika kijiti cha meno, akakipitisha juu yake bila kugusa, akisoma: Njoro, Elburgon, Molo, Mau Summit, kisha pengo, kisha Kipkelion, Fort Ternan, Muhoroni, Kisumu. Akasema mtu yeyote aliyewahi kufunga magunia ya barua ya treni ya Kisumu anajua kinachokosekana baada ya Mau Summit. Ni Londiani.

Ndipo nilipozikumbuka zile bahasha za mama zenye mwandiko wa baba, zote zimekatwa pembe ya stempu. Fikiria, dada. Baba, gadi wa treni, mtu ambaye hakuwahi kumwambia mama neno tamu mbele yetu, kila stesheni alipoteremka alimwandikia barua. Tulilelewa ndani ya barua za mapenzi tukidhani ni picha za mawe.

Mama Akeyo alinieleza kwamba ile stempu ya kwenye picha anayo, ni nzuri, na angeweza kunitumia siku ile ile akabaki na nyota zake. Lakini alipouona ukurasa wetu aliona stempu isiyo na mhuri ingesimama pale kama mtu aliyevaa suti ya harusi kuingia zizini kukamua. Ndiyo maana alikaa siku tatu akipekua maboksi ya viatu, kipande baada ya kipande, hadi akaipata iliyopigwa mhuri Londiani. Siku tatu, kwa ajili ya mtu asiyemjua, ambaye alimlipa kwa matusi. Nimefundisha wema miaka mingi, lakini jana nilikaa kwenye kigoda kama mwanafunzi.

Akaniuliza ni nani atakayeitazama. Nikasema dada yangu, nikamweleza kwamba ya kwanza ilipotea 1984, nikajisifu na mpango wangu: nitakwambia niliikuta kwenye bitana ya koti la baba la reli. Alinipa lenzi akanionyesha tarehe. Za baba zote ni za 1981. Hii ni ya 1985. Akasema anayekijua kitabu hiki ataiona hiyo tarehe kabla hajamaliza kuniamkia, na stempu iliyopotea 1984 haiwezi kuwa ilitumwa mwaka uliofuata. Kisha akaniambia yeye anauza stempu, Bwana Nyota Moja, uongo nitafute kwingine.

Basi, dada, nimefika mahali ambapo kwenye simu huwa naulizia viazi.

Stempu ya Londiani niliichukua mimi. Ilikuwa likizo ya Agosti, wewe una miaka kumi na minne, mimi kumi na mmoja. Nilitaka jina langu lisomwe kwenye kipindi cha salamu redioni, na sikuwa na stempu ya kutuma kadi. Niliichagua ya Londiani kwa sababu mhuri wake ulikuwa umefifia. Nikausugua kwa mkate, nikaibandika kwa ugali, nikaitumbukiza kwenye sanduku la posta pale stesheni. Jumapili baba alipoona pengo, wote tuliitazama mikono yako, maana ni yako peke yake iliyoruhusiwa. Ulisema si wewe. Ukarudia kwamba si wewe. Mimi nilikuwa mlangoni napukuchua mahindi, nikaendelea kupukuchua. Baba akasema mikono hiyo isiguse tena kitabu chake, na akafa bila kulirudisha hilo neno, kwa sababu mimi sikumpa nafasi ya kulirudisha.

Mikono hiyo imepanga waridi kwenye shamba la maua Naivasha miaka thelathini bila kuvunja shina, na wasichana wapya huletwa kusimama nyuma yako ili wajifunze. Nimejivunia hilo mbele ya watu mara nyingi, nikijua nilichoifanyia.

Usiniambie si kitu. Emmy nilimwambia jana, na tangu hapo ameongea nami kuhusu chumvi tu. Uliaibishwa mbele ya watu, kwa hiyo siku ya sherehe yako ya kustaafu nitasimama mbele ya shangazi na wote waliokuwepo Jumapili ile, kabla chakula hakijapakuliwa, niseme kwa mdomo wangu.

Albamu inakuja pamoja na barua hii. Stempu iko kwenye kibahasha peke yake. Mama Akeyo alijitolea kuibandika, nikamwambia hapana, kuna mwenye kazi yake. Amesema iloweshwe kwanza ili karatasi ya mgongoni iachie, lakini hayo unayajua kuliko mimi. Ile nafasi bado iko wazi. Nyota zake, kwa taarifa yako, sasa ni tano.

Kadi yangu ya 1984 haikusomwa. Nilikaa kando ya redio mwezi mzima. Ilikuwa na majina manane, na la kwanza lilikuwa lako. Kwa hiyo nazituma upya, kwa kuchelewa kidogo: salamu hizi zimfikie Dada Chepngeno popote alipo, akizipata azipokee kwa mikono yake miwili. Stempu iliyoko juu ya kifurushi ni mpya. Niliinunua mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako,
Jonah Kiptanui