Nyota Iliyomwakia Kariuki

Ruiru, Alhamisi, 1957

Si haki. Wiki nzima mimi na Mwalimu Kariuki tunapokezana darubini ya shule, tukingoja nyota moja nyekundu hafifu, ya aina inayowaka ghafla kwa dakika chache tu, ilipuke. Na jana ililipuka kwenye zamu yake, mimi nikiwa jikoni namchemshia chai!

"Wui, Njoroge, njoo mbio! Imewaka!"

Nilikimbia, lakini nilikuwa nimeukodolea macho moto wa jiko. Kwenye darubini niliona giza tupu. Macho yalipozoea, nyota ilikuwa imeshafifia.

Leo Kariuki amewaambia walimu wote, "Tuliiona sisi wawili." Nami nikaitikia kwa kichwa.

Angejisifu peke yake, ningemchukia nikalala vizuri. Jioni hii amenichemshia chai yeye. Nimeiacha ipoe.