Sahihi ya Jaji Hallam

Jumapili, 4 Agosti 2019
Sura ya tatu ya tasnifu imekataa kuandikika. Inamhusu Jaji Hallam, jaji wa shirikisho kule Ohio. Mtoto wa fundi ngozi, alijisomea sheria mwenyewe, akakaa kitini miaka ishirini na sita. Mwaka 1851 akaletewa mwanamke aliyetoroka utumwa — akamrudisha kwa bwana wake. Akamwandikia dada yake kwamba sheria ilimwachia kalamu tu. Mnafiki! Leo nimemchukia kabisa.

Jumatano, 14 Agosti
Kikao cha kamati ya jengo. Mimi ndiye katibu, adhabu ya kujua kuandika. Mwenyekiti anasema mpangaji asiye na kibali halali cha kuishi nchini atoke mwisho wa mwezi. Kumbe ni mmoja tu: Marcelline wa namba tisa, Mkongo wa Bukavu anayenisuka. Nikawaambia amekwenda Pretoria kufuata kibali mara tatu na kurudishwa. Wakahamia ajenda inayofuata. Eish. Nikaendelea kuandika muhtasari.

Jumanne, 20 Agosti
Nimetia sahihi barua ya kumtoa Marcelline. Katibu hutia sahihi, basi. Nisingekuwa mimi angekuwa mwingine. Nikaongeza "kwa masikitiko", eti adabu. Mlinzi ataipitisha chini ya mlango.

Chakula kimenishinda. Mume wangu akauliza kama ni tasnifu. Nikasema ndiyo.

Kwenye hukumu Hallam hakuandika hata jina la yule mwanamke. Nimelia sana. Nalia kwa ajili ya mwanamke wa 1851, maana huyo hawezi kunigongea mlango.

Jumatano, 21 Agosti
Marcelline amekuja, barua mkononi. "Mama Kip, unisomeye. Hii Kingereza inanishinda." Miaka minne ananiita kwa jina la mwanangu tu, kama majirani wote. Jina langu la kwenye kitambulisho, ninalotia nalo sahihi, hajawahi kulisikia.

Nikamsomea yote. Hakulia. Akaweka kidole chini kabisa ya karatasi.

"Huyu L. Nyakundi ni nani? Anaandika ya kama anasikitika. Basi iko na roho. Unipeleke kwake, mama, wewe unajua kusema nabo. Nitapiga magoti."

Nikasema ngoja nivae sweta. Nimejifungia chumbani, naandika haya. Namsikia sebuleni — anavaa viatu.